Mvua zilipokataa Petén: ukame na kuanguka kwa miji ya Wamaya

Kuna swali ambalo kila anayesema ukame uliwaangusha Wamaya inabidi alijibu kwanza. Miji iliyoanguka mapema, na ikaanguka vibaya, ni ile ya kusini, katika misitu ya Petén kaskazini mwa Guatemala, ambako mvua ya mwaka hufika milimita 1,500 na kupita. Wakati huohuo Chichén Itzá, huko kaskazini mwa Rasi ya Yucatán, ilikuwa inapanda chati. Mvua ya huko ni kama milimita 1,100 kwa mwaka, kiasi ambacho mkazi wa Dar es Salaam amekizoea. Sasa kama ni ukame, mbona walitangulia kuanguka wenye mvua nyingi?

Naamini ukame ulihusika, tena sana, lakini haukufanya kazi kwa namna inayosimuliwa mara nyingi, ya nchi kukauka na watu kufa kiu. Ulipiga kwenye majira. Mvua ikachelewa wiki sita, au ikakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, au malambo yakaingia Desemba yakiwa nusu huku miezi ya kiangazi yote ikiwa mbele. Na uliuma zaidi pale ambapo watu wengi waliegemea lambo moja na zao moja, bila maji mengine ya kukimbilia. Ukiutazama hivyo, ule mgawanyo wa kusini na kaskazini unaanza kueleweka.

Neno "kuanguka" lenyewe liwekwe sawa kabla hatujaenda mbali. Wamaya hawakutoweka. Wapo mamilioni leo Guatemala, kusini mwa Mexico na Belize, na lugha za jamii ya Kimaya zinazosemwa ni kama 30. Kilichokwisha ni utawala wa wafalme watakatifu, walioitwa k'uhul ajaw, na miji iliyowazunguka, kati ya mwaka 750 na 950 BK hivi. Tunaweza kuufuatilia mwisho huo karibu mji kwa mji kwa sababu wafalme hao walisimika nguzo za mawe na kuchonga tarehe kwa kalenda inayohesabu siku moja moja. Tarehe zikikoma, tunajua zimekoma lini. Palenque ya mwisho ni 799, na hiyo imeandikwa kwenye chombo cha udongo. Yaxchilán ni 808, Quiriguá 810, Caracol 859, Tikal 869, Ceibal 889. Toniná inafunga orodha mwaka 909.

Copán, huko Honduras, imeacha ushahidi unaogusa kuliko tarehe tupu. Madhabahu inayoitwa L, ya mwaka 822, ilikusudiwa kumtawaza mtu aliyeitwa Ukit Took'. Upande mmoja umechongwa ukamalizika, wa pili umeanzwa ukaachwa, iliyobaki ni mitupu. Fundi aliweka patasi chini na hakurudi.

Kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya miaka mia moja ya miji kuzimika mmoja baada ya mwingine. Anayetafuta tukio moja la kueleza yote hayo hatalipata, na tafiti za hali ya hewa hazidai hivyo.

Ukanda mvua na mahali pabaya pa kuusubiri

Mvua za Wamaya zinatawaliwa na jambo lilelile linalotuletea masika na vuli: ukanda mvua, pale pepo za kusini na za kaskazini zinapokutana, hewa ikapanda na mawingu yakajengeka. Ukanda huo hulifuata jua. Afrika Mashariki unapita mara mbili, ukienda na ukirudi, ndiyo maana tuna misimu miwili. Nchi ya Wamaya iko takriban nyuzi 15 hadi 21 kaskazini mwa ikweta, karibu na mwisho wa safari ya ukanda huo. Aliye katikati ya njia atapitiwa tu, hata ukanda ukiyumba. Aliye mwisho wa njia, ukanda ukiishia kusini kidogo kuliko kawaida, msimu wake umeharibika.

Mvua huanza Mei au Juni na kwisha Oktoba au Novemba. Baada ya hapo ni kiangazi, na huko ni kiangazi hasa. Halafu katikati ya msimu wa mvua, Julai na Agosti, kuna pengo la wiki kadhaa mvua inapopungua, ambalo wakulima wa huko huliita kwa Kihispania canícula. Liweke pengo hilo akilini, maana ndilo linaloamua kama mahindi yatabeba.

Tumejuaje

Ushahidi unatoka sehemu tatu: matope ya ziwani, matope ya baharini, na mawe ya mapangoni. Kila kimoja kina ubovu wake, na ubovu huo ni muhimu kuujua, kwa sababu nusu ya mabishano juu ya Wamaya ni mabishano juu ya vipimo.

Ziwa ni Chichancanab, katikati ya Yucatán. Jina lake maana yake ni bahari ndogo. Maji yake yamejaa salfati, karibu na kiwango cha kutengeneza jasi, yale madini meupe ya plasta. Miaka ya mvua hayafikii kiwango hicho. Uvukizi ukizidi mvua, ziwa linasinyaa, jasi inaganda na kuzama, na katika mashapo unabaki utepe mweupe. Mwaka 1995 David Hodell, Jason Curtis na Mark Brenner walichapisha matokeo ya mashapo waliyoyatoa kwa kuzamisha bomba kwenye sakafu ya ziwa hilo. Walipima jasi, wakapima na oksijeni iliyo ndani ya magamba ya viumbe wa majini. Oksijeni ipo nyepesi na nzito. Maji yakivukizwa, nyepesi hutangulia kuondoka na nzito hubaki, kwa hiyo gamba lenye oksijeni nzito nyingi linakuambia ziwa lilikuwa linakauka. Kipindi cha 800 hadi 1000 kilitokea kuwa kikavu kuliko maelfu ya miaka iliyotangulia.

Ubovu wa ziwa uko kwenye tarehe. Yucatán yote ni mawe ya chokaa, na maji yanayopita humo huyeyusha kaboni ya zamani sana. Konokono anayejenga gamba lake kwa maji hayo anaonekana mzee kuliko alivyo, wakati mwingine kwa mamia ya miaka. Njia ya kukwepa mtego huo ni kupima mabaki ya mimea ya nchi kavu iliyoanguka ziwani, kama mbegu na vipande vya mti, kwa sababu hiyo ilivuta kaboni yake hewani. Mabaki kama hayo ni machache, na katikati ya tarehe mbili zilizopimwa mtafiti analazimika kukadiria.

Mashapo hayahaya ndiyo yaliyokuja kutoa tarakimu bora zaidi ya kiasi cha mvua. Jasi inapoganda hufungia maji ya ziwa ndani ya fuwele zake. Mwaka 2018 Nicholas Evans na wenzake waliyatoa maji hayo na kuyapima. Hesabu yao ni kwamba mvua ya mwaka ilipungua kwa wastani wa asilimia 41 hadi 54, na katika vilele vya ukame upungufu ulifika hadi asilimia 70, huku unyevu wa hewa ukishuka asilimia 2 hadi 7. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Martín Medina-Elizalde na Eelco Rohling walikuwa wamekadiria upungufu usiozidi asilimia 40. Tofauti hiyo si ndogo, lakini tusishindane sana juu yake. Kwa sababu nitakazoeleza, hata asilimia 25 zikikosekana katika wiki zisizofaa zinatosha kuangamiza mavuno.

Bahari ni bonde la Cariaco, pwani ya Venezuela. Sakafu yake haina oksijeni, hivyo hakuna minyoo wa kuvuruga mashapo, na kila mwaka huacha tabaka lake. Mito ikijaa huleta titani, aina ya metali iliyomo kwenye udongo, kutoka bara. Mvua ikipungua, titani nayo hupungua. Gerald Haug na wenzake, mwaka 2003, waliona vipindi vikali vya ukame karibu na miaka 760, 810, 860 na 910, kila kimoja cha miaka kadhaa. Ukizilinganisha na tarehe za mwisho za miji, vishawishi ni vikubwa. Mimi naomba tahadhari hapa: Cariaco iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Tikal. Inatuambia habari za ukanda mvua kwa ujumla, na haiwezi kutuambia kama mwaka fulani mahindi ya Tikal yalinyeshewa.

Ndiyo maana mapango yana thamani. Maji yanayodondoka kutoka dari ya pango huacha chembe za chokaa sakafuni, na kwa karne nyingi jiwe huinuka kama mshumaa. Hilo ni stalagmaiti. Urani huyeyuka katika maji na kuingia kwenye jiwe. Thoriamu karibu haiyeyuki kabisa. Kwa hiyo thoriamu utakayoikuta ndani ya jiwe imezaliwa humohumo, kutokana na urani kuoza kwa kasi inayojulikana, na kiasi chake ni saa. Saa hiyo inadanganya pale udongo unapoingia na matone, maana udongo huja na thoriamu yake. Mtafiti makini huchagua jiwe safi, na kipande chenye uchafu hukitupa au hukirekebisha kwa hesabu.

Pango la Yok Balum, kusini mwa Belize, lilipimwa na kundi la Douglas Kennett na matokeo yakatoka mwaka 2012. Kati ya 440 na 660 mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida. Kuanzia 660 nchi ikaanza kukauka polepole mpaka 1000, kisha ukaja ukame mrefu wa 1020 hadi 1100. Sehemu ya kwanza ya habari hiyo haizungumzwi vya kutosha. Zile karne mbili za neema ndizo zilizojaza watu. Vipimo vya leza kutoka angani vilivyotangazwa 2018, juu ya eneo la kilomita za mraba 2,100 za Petén, vilionyesha majengo zaidi ya 60,000 yaliyofunikwa na msitu, na watafiti wakakadiria watu milioni 7 hadi 11 katika nyanda za kati za Wamaya. Idadi hiyo ilijengwa juu ya mvua zisizo za kawaida, na waliozaliwa baadaye wakazihesabu kuwa ndizo za kawaida.

Halafu mwaka 2025 likaja jiwe ambalo kwangu ndilo la maana kuliko yote. Linatoka pango la Tzabnah, kaskazini mwa Yucatán, na tabaka zake za mwaka ni nene kiasi kwamba Daniel James na wenzake waliweza kutenganisha msimu wa mvua na kiangazi ndani ya mwaka mmoja. Kati ya 871 na 1021 walihesabu mara nane ambapo msimu wa mvua ulishindwa kwa miaka mitatu au zaidi mfululizo. Mara moja ulishindwa kwa miaka 13. Vipimo vya zamani vilitoa wastani wa mwaka mzima, au wa miaka kadhaa. Mkulima hapandi kwa wastani wa mwaka.

Shamba

Shamba la Mmaya, milpa, linaendeshwa kwa ratiba isiyosamehe. Kichaka hufyekwa kiangazi kikiwa kichanga na kuachwa kikauke, kisha huchomwa Aprili au Mei, mwishoni kabisa. Moto ukiwahi, majivu yatapeperushwa na upepo na magugu yatatangulia mahindi. Mvua ikiwahi kuliko moto, kichaka hakiungui. Baada ya mvua za kwanza kulowanisha ardhi, mkulima hutoboa mashimo kwa mti uliochongwa ncha na kudondosha punje kadhaa kila shimo, pamoja na maharagwe na maboga.

Mbegu yenyewe si nyingi, kilo 15 hivi kwa hekta, na kupanda mara ya pili kunawezekana. Kinachopotea ni muda. Mvua za kupandia zikinyesha siku nne zikakata wiki tatu, miche inachipua na kunyauka. Anayepanda tena katikati ya Juni anasogeza mimea yake ikatoe mbelewele Agosti, ndani ya lile pengo la mvua, na pengo la mwaka mbaya ni refu kuliko kawaida. Mahindi yanavumilia kiu yakiwa machanga, yanavumilia na punje zikishakomaa. Yasichokivumilia ni kiu katika wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kutoa ndevu. Ndevu zikikauka au zikichelewa, chavua inamwagika bila kupokewa, na unavuna magunzi yenye mapengo. Zao hili linahitaji kama milimita 500 hadi 600 kwa msimu, kiasi ambacho Petén ingeweza kukipata hata mwaka mbaya. Shida ni kupata 400 kati ya hizo kwa mafuriko mawili ya Septemba, shamba likiwa limeshakufa.

Baada ya hapo ni ghala. Katika joto na unyevu wa nyanda za chini, mahindi yaliyohifadhiwa na maganda yake hushambuliwa na bungua, na hasara hukua kila mwezi. Akiba ya msimu mmoja inawezekana, na mwenye bidii atafika wa pili. Miaka mitatu mfululizo, kama zile mara nane za Tzabnah, inapita uwezo wa ghala lolote la aina hiyo.

Kuleta chakula kutoka mbali nako kulikuwa na mpaka mgumu. Wamaya hawakuwa na punda, ng'ombe wala mkokoteni. Kila kitu kilibebwa mgongoni kwa ukanda wa kipajini. Mchukulie mpagazi na mzigo wa frasila mbili, kama kilo 32, naye anakula kilo moja ya mahindi kwa siku. Safari ya siku nane kwenda na nane kurudi inamla kilo 16, nusu ya mzigo. Siku kumi na sita kila upande, anafika nyumbani mikono mitupu. Mji wa mtoni wenye mitumbwi uliweza kuagiza chakula mbali zaidi. Tikal haina mto.

Maji ya Tikal na maji ya kaskazini

Hapa ndipo lile swali la mwanzo linapojibika. Tikal imejengwa juu ya vilima vya chokaa ambako maji ya ardhini yako chini sana, ndani kuliko kisima chochote kilichoweza kuchimbwa kwa zana za mawe. Hakuna mto, hakuna ziwa karibu. Watu wa Tikal waliugeuza mji wenyewe kuwa paa la kukingia maji: viwanja vilisakafiwa kwa chokaa na kupewa mteremko, mvua ikatiririka hadi malambo makubwa. Ukuta wa lambo la Ikulu ulikuwa na urefu wa mita 80 na kimo cha mita 10, na uliweza kuzuia kama mita za ujazo 75,000.

Piga hesabu ya makisio. Lita milioni 75, mtu mmoja lita 10 kwa siku, kiangazi cha siku 180: lambo hilo linatosha watu 41,000 hivi kama hakuna tone linalopotea. Uvukizi wa milimita 5 kwa siku unaondoa karibu mita nzima ya kina kwa msimu, na sakafu huvuja. Ukitoa nusu, wanabaki 20,000. Mfumo ni mzuri sana kwa kiangazi kimoja. Lambo likianza kiangazi likiwa nusu, hakuna pa kwenda.

Na maji yakipungua huharibika. Uchunguzi wa matope ya malambo ya Tikal uliotolewa mwaka 2020 na David Lentz na wenzake ulikuta zebaki kwa wingi katika malambo ya Ikulu na ya Hekalu. Chanzo chake ni rangi nyekundu ya madini ya zebaki iliyopakwa kwenye majengo na makaburi, ikawa inasombwa na mvua ileile iliyokingwa. Walikuta pia dalili za bakteria wa kijani-buluu, jamii za Planktothrix na Microcystis, walionenepa kwa mabaki ya jikoni yaliyotupwa kando ya maji. Sumu ya Microcystis haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha maji yanapungua na sumu inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Lambo la Corriental, la nje kidogo, lilikuwa salama, na humo zilipatikana zeolaiti na mchanga wa kwatsi vilivyotumika kuchuja maji. Maana yake waliokunywa maji mabaya zaidi walikuwa wale walioishi ikulu. Wafalme hao ndio waliofukiza ubani mbele ya Chaahk, mungu wa mvua, na kuwaahidi watu kuwa mvua iko mikononi mwao.

Sasa njoo kaskazini. Huko ardhi ni tambarare na iko chini, maji ya ardhini yako karibu, na dari za chokaa zimeporomoka mahali pengi zikaacha visima vya asili viitwavyo senote. Senote takatifu ya Chichén Itzá ina upana wa mita 60 hivi, na maji yake yako kama mita 20 chini ya ukingo. Senote haijali kama mwaka huu msimu umeshindwa. Inalishwa na maji ya miaka mingi. Mvua ya kaskazini ni ndogo, lakini maji yake hayategemei mwaka mmoja.

Kaskazini hukohuko kuna eneo linalothibitisha jambo hili kwa upande wa pili. Vilima vya Puuc, kwenye miji ya Uxmal, Sayil na Labná, vina udongo mzuri na karibu havina senote. Watu waliishi kwa chultuni, shimo lenye umbo la chupa lililochongwa kwenye mwamba na kupigwa lipu ya chokaa, la wastani wa lita 30,000 hivi. Kulijaza si kazi: kiwanja cha mita za mraba 40, mvua ya milimita 1,000, na asilimia 80 ya maji ikiingia, limejaa na kumwagika. Hata mvua ikikatika nusu, ongeza kiwanja mara mbili tu. Ukisoma hesabu hiyo peke yake utasema Puuc hawakuwa na la kuogopa. Lakini gawa lita 30,000 kwa siku 180 na watu 24: kila mmoja anapata lita 7 hivi kwa kunywa, kupika na kuosha. Mvua ikichelewa wiki sita, pengo ni lita 7,000. Lipu ikipata ufa, maji yanaondoka usiku kucha bila mtu kujua. Na shamba lao halikumwagiliwa na chultuni. Miji ya Puuc ilihamwa katika karne ya 10, wakati ambao jiwe la Tzabnah linaonyesha misimu iliyoshindwa.

Lawama zisizo za mbingu

Misitu ilichangia. Chokaa ya sakafu, ya malambo, ya mahekalu na hata ya kuchemshia mahindi ilichomwa kwa kuni mbichi nyingi. Anayejua tanuri la chokaa la pwani yetu hahitaji kuelezwa kiasi chake. Huko Tikal boriti za mahekalu zilikuwa za msapodila, mti mgumu na mnyoofu. Baada ya mwaka 741 hivi mafundi walihamia mti duni uliopinda, na msapodila uliporudi baadaye ulikuwa mwembamba. Benjamin Cook na wenzake walikadiria mwaka 2012 kwamba ukataji miti peke yake ungepunguza mvua kwa asilimia 5 hadi 15, kwa sababu ardhi tupu hurudisha unyevu mchache hewani. Sidhani hali ilikuwa moja kila mahali: chavua ya kale iliyobaki katika matope ya Copán inasomwa na wengine kuonyesha msitu uliokuwa umerudi kabla mji haujaanguka.

Vita navyo visifanywe mtoto wa ukame. Dos Pilas, katika eneo la Petexbatún, ilihamwa mwaka 761, na Aguateca jirani yake ikachomwa moto karibu na 810, watu wakikimbia na kuacha vyombo majumbani. Mifupa ya watu wa bonde la Mto Pasión, ilipochunguzwa, haikuonyesha lishe iliyodorora kuelekea mwisho. Piedras Negras na Yaxchilán zilikuwa kando ya mto mkubwa wa Usumacinta na bado zilinyamaza mapema. Mto uliokuwa bondeni haukunywesha mashamba ya mlimani, ni kweli, lakini kwa miji ya magharibi naona ufalme uliojimaliza kwa vita kwanza, kisha misimu mibovu ikazuia yeyote kujenga upya. Tikal, Caracol na Puuc ndiko ambako ningeuweka ukame mbele.

Lamanai, Belize, iko kando ya wangwa wa maji baridi wa Mto New. Ilipita karne zote hizo ikiwa na watu, na Wahispania waliikuta hai katika karne ya 16. Chichén Itzá yenyewe ilipoteza nguvu katika ule ukame wa 1020 hadi 1100. Senote iliwapa maji, haikuwapa mahindi. Mayapán iliyoshika nafasi yake ilivunjika katikati ya karne ya 15 kwa uhasama wa koo za Xiu na Cocom, na utafiti wa mwaka 2022 uliiweka miaka ya uhasama huo ndani ya kipindi kikavu.

Wakulima wa Yucatán bado wanalivizia lile pengo la Julai na Agosti. Wana mahindi ya kale yaitwayo nal t'eel, hindi la jogoo, mafupi, yenye magunzi madogo, ambayo hukomaa kwa takriban miezi miwili na kuwahi kubeba kabla mvua haijakatika. Kando yake hupanda x-nuuk nal, ya miezi minne, yenye mavuno makubwa, ambayo hutoa ndevu pengo likishapita. Mwaka mzuri la pili linajaza ghala. Mwaka mbaya wanakula la kwanza, na kutoka hilo wanatenga mbegu.